Chuma Kilichokataa Maji

Mguu wangu wa kulia ulilala nikiwa na miaka minne na haujaamka mpaka leo. Homa ilikuja, ikakaa siku tisa, ikaondoka na unyayo. Paja lafanya kazi, goti lafanya kazi, lakini nikiinua mguu vidole vinaning'inia chini kama ulimi wa mbwa aliyekimbia jua kali. Nikisahau kidogo tu, vidole vinakwaa, nami nafuata kwa uso. Nimeshabusu karibu barabara zote za Ngamiani. Hakuna mtu mjini humu anayezijua kwa ladha kama mimi.

Nayasema haya mapema ili mtu asianze kunionea huruma. Huruma ya watu wa Tanga naijua. Huja na kipande cha kashata na huishia na "maskini, na angekuwa kijana mzuri." Kashata nakula. Hayo mengine nawarudishia wenyewe.

Sasa, chuoni kwetu, tunakosomea Kurani, kuna desturi. Kila mwaka zefe la Maulidi linapotoka, bendera ya chuo hubebwa na mwanafunzi aliyehitimu msahafu mwaka ule. Wakihitimu wawili, hubeba aliyetangulia. Bendera yenyewe ni ya hariri ya kijani, imetariziwa kwa uzi wa dhahabu, na mti wake ni mwanzi mrefu kuliko mlango wa msikiti. Hutoka chuoni, hupita barabara kwa barabara, mpaka uwanjani panaposomwa maulidi. Aliyeibeba mwanzo huibeba mwisho, na haigusi chini. Chuo cha mtaa wa pili bendera yao iliwahi kuangukia mtaroni, na ingawa mimi nilikuwa sijazaliwa, tunawakumbusha kila tukicheza nao mpira.

Mwaka huu aliyetangulia kuhitimu ni mimi. Wa pili ni mtoto wa muuza halua, aliyenifuata baada ya wiki tano, kijana mwenye mapaja kama magogo ya mnazi na kichwa cha jamii hiyohiyo. Tukasomewa dua, ukapikwa wali, na baada ya wali mwalimu wetu akanivuta pembeni.

"Mwanangu, bendera atabeba mwenzio. Wewe utakaa uwanjani, mstari wa mbele, upige twari."

"Kwa nini, Maalim?"

Akautazama mguu wangu, kisha akatazama dari, kana kwamba jibu limebandikwa huko. "Siku hizi kuna upepo."

"Upepo huo unanijua mimi peke yangu?"

"Wewe mtoto ulimi wako ungekuwa mguu, ungekwenda Horohoro mpakani na kurudi kabla ya adhuhuri." Akacheka, mimi sikucheka, naye akaacha. "Sikiliza. Bendera hii haijagusa udongo tangu enzi za baba yangu. Niletee mguu usiokwaa, nami nitakupa. Mwezi umeandama juzi. Zefe ni tarehe kumi na mbili, alasiri."

Nikahesabu. Nilikuwa na siku kumi.

Mguu usiokwaa nilikuwa nautafuta tangu zamani. Hospitali walinipa vyuma nikiwa na miaka saba, fito mbili na kiatu kizito. Mimi nikakua, vyuma vikapungua, kwa sababu hewa ya bahari huku inakula chuma kama panya anavyokula sabuni. Baada ya hapo nikajifunga kamba ya katani kutoka ncha ya kiatu mpaka gotini, nikikunja goti kamba inavuta vidole juu. Watoto wakaniita kikaragosi. Kamba ilinifaa, ila ikilowa jasho inarefuka, na mtu aliyeshika mwanzi kwa mikono miwili hana mkono wa tatu wa kukazia kamba.

Halafu siku moja nilitazama chini ya lori la mkonge nikaona kamani zake, vile vyuma vyembamba vilivyopangwa kama ndizi. Lori likiruka shimo, vinakunjuka, likitoka, vinarudi. Nikasema, basi. Nataka kipande kimoja tu cha hicho, kishuke nyuma ya muundi, kipinde kisiginoni, kiingie chini ya unyayo ndani ya kiatu. Nikikanyaga kitii, nikiinua mguu kirudi na vidole vyangu.

Nilijaribu bati. Bati lilitii kila nililoliambia na halikurudi hata siku moja. Nilijaribu bapa la msumeno mkuukuu, na hilo, wallahi, lilirudi! Nilitembea siku nne kama askari. Siku ya tano jasho la mguu na chumvi ya hewa vilikuwa vimeshalitoboa kwa kutu, likakatika tak! katikati ya somo, nikaruka juu nikasema neno ambalo halimo katika juzuu yoyote. Nikajaribu upawa wa bibi yangu, ule mweupe usioshika kutu. Haukushika kutu kweli. Ulikunjika kama bati, na bibi akanifukuza nao ukiwa umekunjika vilevile.

Kwa hiyo nilijua ninachotaka. Chuma kisichoshika kutu na hapohapo kinachorudi. Kila fundi niliyemwuliza alinijibu kwamba nichague moja.

Karibu na bandari kuna Mhindi mwenye duka la vyuma. Macho yake yamechoka, na Jumamosi huwa namsomea maandishi madogo. Alikuwa amenunua katika mnada wa forodhani sanduku ambalo mwenyewe hakutokea kulichukua, na ndani mlikuwa na karatasi za chuma nyembamba kama ukucha, zinang'aa kama maji ndani ya sufuria. Mafundi bati walizikataa. Zilitia butu mikasi yao na risasi ya kulehemu haikushika. Zilizobaki alizitumia kufunikia mapipa ya misumari.

Siku ya pili baada ya wali wa hitima nilikuwa namsomea, nikaona kwenye mfuniko wa pipa kimebandikwa kikaratasi cha Kiingereza. Nikakisoma mara mbili.

"Bwana, unajua hiki ni nini?"

"Kifuniko."

"Hiki ni chuma cha ndege! Kinasema hakishiki kutu. Kinasema kinauzwa kikiwa bado kinakatika na kukunjika, ukishakipa umbo lako unakipasha moto digrii mia tisa, saa moja, unakiacha kipoe chenyewe hewani. Basi. Kinakuwa kigumu na kinarudi kama kamani."

"Ndege," akasema, akalitazama pipa lake kwa heshima mpya. "Na mimi nimefunika misumari."

Kwa ukubwa kilikuwa nusu sinia. Akanikatia pande linalotosha mikanda miwili, akasema lililobaki atalibakiza, huenda ndege ikapita.

Nilimwuliza mwalimu wetu wa sayansi shuleni jinsi chuma kinavyoweza kukazwa kwa moto mdogo. Alifurahi sana, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza nimeuliza jambo lisilokusudiwa kuchekesha darasa. Akanieleza kwamba ndani ya chuma cha namna hiyo vimeyeyushwa vitu vingine, kama sukari ndani ya chai. Ukikipasha kwa kiasi, vile vitu vinajikusanya vichembe vichembe visivyoonekana, vinajibana katikati ya chuma kama kokoto, chuma kinashindwa kuteleza. Moto ukizidi mno, kokoto zinayeyuka tena na unabaki na chai.

Nikaenda kwa mjomba wangu.

Mjomba ni mhunzi. Visu vya kukatia mkonge vya nusu ya mashamba ya huku vimepita mikononi mwake, na visu vyake havipindi. Siri yake anaijua kila mtu. Anakipasha chuma mpaka kiwe chekundu kama papai bivu, halafu anakizamisha kwenye pipa la maji yaliyochanganywa na mkojo wa beberu. Ana beberu maalumu kwa kazi hiyo, na beberu huyo anakula vizuri kuliko mimi.

Nilikuwa nimeshakata mkanda wa kwanza na kuupinda kisiginoni kwa duara la polepole. Nikamwonyesha mjomba, nikamsomea kikaratasi. Alisikiliza mpaka nilipofika pale pa kupoa hewani.

"Hewani?"

"Ndiyo, mjomba."

"Chuma kikazwe na hewa?" Akawageukia wateja wawili waliokaa kwenye gogo. "Mwaona shule? Mtoto anakwenda shule miaka saba, anarudi kuniambia nipulizie chuma kama uji."

"Karatasi inasema moto ukizidi—"

"Karatasi imewahi kushika nyundo?"

"Haijawahi, lakini na beberu hajawahi kupanda ndege."

Wateja wakacheka, na hilo ndilo lililoniponza. Mjomba akaninyang'anya mkanda, akautia katikati ya makaa, akavuta mvukuto kwa hasira. Mkanda ukawa mwekundu. Akautoa kwa koleo, akauzamisha pipani, ukalia shiii, na harufu ikatoka ambayo iliwanyamazisha hata wateja.

"Haya. Ndege yako hiyo."

Nikauchukua, nikaukunja kwa vidole viwili. Ukakunjika. Nikauachia. Ukabaki pale pale nilipouacha, umelegea kuliko ulivyokuja. Mjomba akaukunja mwenyewe, akaukunjua, akaukunja tena, uso wake ukawa kama wa mtu aliyetukanwa na mtoto wa mwenzake.

"Chuma kibovu," akasema.

"Chuma kizima, mjomba. Umekizidishia moto, tena umekitia maji kisichotaka maji."

"Toka kiwandani kwangu."

Nilirudi nyumbani na mkanda uliokufa. Bibi alinisikia kwa pua kabla hajaniona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu, lakini simama hapohapo. Umelala na mbuzi?"

Nikamweleza. Akaniogesha kwa ndoo mbili, mimi na mkanda pamoja, maana mkojo ni najisi na hakutaka niukaribie msahafu. Kisha akakaa kizingitini akiufuta kwa kanga.

"Mume wangu," akasema polepole, "twari nalo ni jambo la heshima. Ukilipiga vizuri watu watakutazama wewe, hawataitazama bendera."

"Wakinitazama nimekaa, watasema maskini."

"Na ukianguka nayo?"

Swali lile lile nilikuwa nikijiuliza mwenyewe tangu siku ya wali, na nilikuwa nimeona katika akili yangu ile hariri ya kijani ikishuka vumbini, na mtoto wa halua akiikimbilia kwa mapaja yake. Nikiangusha bendera, basi mwalimu atakuwa amesema kweli, na kila atakayeniambia "kaa" maisha yangu yote atakuwa na ushahidi. Lakini kukaa kabla ya kuanguka niliona ni kuanguka vilevile, ila bila hata kutembea kwanza.

Zilibaki siku tano na mkanda mmoja.

Tatizo lilikuwa zile digrii mia tisa. Mjomba hupima moto kwa macho tu, na macho yake huanzia kwenye wekundu. Kitabu chetu cha sayansi kina jedwali la joto la kuyeyuka kwa madini, kwa digrii zilezile za Farenihaiti za kikaratasi. Risasi huyeyuka kabla ya mia saba. Zinki huyeyuka kabla kidogo ya mia nane. Aluminiamu haiyeyuki mpaka mia kumi na mbili na zaidi. Nikalitazama jedwali lile mpaka likaanza kunitazama. Zinki si ndiyo ganda la jiwe la tochi, la betri? Na aluminiamu si ndiyo sufuria? Na mwalimu alisema chuma kikizidi kidogo tu mia tisa, kikiwa gizani, huanza kutoa wekundu hafifu. Kwa hiyo zinki ikishayeyuka, na wekundu usionekane gizani, mimi nipo mahali panapotakiwa au jirani yake.

Mjomba hufunga kazi adhuhuri. Anaswali, anakula, analala mpaka alasiri. Kiwanda chake ni kibanda cha makuti chenye mlango wa mbao, na ufunguo hukaa juu ya kizingiti, mahali ambapo mtaa mzima unapajua. Nilipoingia, beberu alinitazama kama mlinzi. Nikampa ganda la ndizi akanyamaza.

Niliupinda mkanda wa pili kwa mkono, nikaulinganisha na muundi wangu, nikautoboa matundu ya kamba, nikausugua kingo kwa tupa, kwa sababu baada ya moto tupa isingeweza tena kuuma vizuri. Makaa ya mjomba yalikuwa bado hai chini ya majivu. Nikayatandaza, nikaongeza vifuu vya nazi, nikaweka juu yake bati lenye majivu, na juu ya majivu hayo nikaulaza mkanda. Ubavuni mwake nikaweka kipande cha ganda la jiwe la tochi na kipande cha sufuria. Nikafunga mlango, nikaziba nyufa kwa magunia, ikawa giza kama ndani ya chungu.

Nikavuta mvukuto kidogo kidogo. Zinki ilikaa, ilikaa, halafu ikalegea kona moja, ikajikunja ikawa tone linalong'aa. Sufuria ikabaki sufuria. Nikautazama mkanda gizani. Haukuonekana, na ndivyo nilivyotaka.

Saa sikuwa nayo. Lakini nilijua kwamba sura ya Yasini, nikiisoma kwa mwendo wa chuoni, inachukua robo saa. Nikakaa juu ya fuawe nikaisoma kwa moyo mara nne, na kila nilipofika mwisho wa ukurasa nikaugusa mvukuto ama nikaondoa kaa moja. Katikati ya ile ya tatu niliona kitu kama wekundu, nikatoa makaa kwa mkono mtupu. Ngozi mpya imeota. Sijui mpaka leo kama ulikuwa wekundu au woga.

Ya nne ilipokwisha niliutoa mkanda, nikautundika kwenye msumari ukutani, nikafungua mlango hewa ipite. Na hapo mjomba akaingia, macho yamevimba usingizi.

Sikukimbia. Tusidanganyane, nikikimbia nafika wapi?

"Umeingiaje?"

"Kwa mlango, mjomba."

Akaangalia majivu, akaangalia tone la zinki, akauangalia mkanda. Ulikuwa umegeuka rangi, haung'ai tena kama maji, umekuwa wa hudhurungi kama tende. "Haujazamishwa," akasema.

"Haujazamishwa."

Akautwaa. Akaugonga kwa kucha, ukalia tiing. Ule wa kwanza ulikuwa ukilia kama mti. Akaukunja kwa vidole viwili, ukakataa. Akaukunja kwa mikono miwili, ukakubali, akauachia ukamchapa kiganja. Mjomba akautazama mkono wake. Akaukunja tena, ukamchapa tena. Alifanya hivyo mara ngapi sijui, kwa sauti ya chini akihesabu.

"Una karatasi ile?" akasema mwishowe.

Nikampa. Hajui Kiingereza. Aliigeuza upande huu na ule, akairudisha. "Nenda kaoge. Unanuka moshi. Halafu urudi nikukatie kamba za ngozi, hizo zako za katani ni za kufungia kuku."

Siku ya tarehe kumi, baada ya somo, nilisimama mbele ya mwalimu na bendera iliyokunjwa, nikazunguka ua wa chuo mara saba. Niliinua mguu, vidole vikapanda vyenyewe. Watoto walipiga kelele. Mtoto wa muuza halua akasema, "Uani hakuna upepo," naye mwalimu akamwambia, "Na wewe huna zile wiki tano," akaniachia bendera, nikampenda mwalimu kwa muda mfupi.

Zefe likatoka. Matwari nyuma yangu, ubani, wanawake madirishani, na juu yangu ile hariri, nzito kuliko nilivyodhani. Barabara za mwanzo nilifurahi mno hata nikasahau kuhesabu hatua. Kila nilipokanyaga chuma kilitii, kila nilipoinua kilirudi. Jasho lilikuwa linatiririka ndani ya kiatu, nikasema moyoni, kunywa, kunywa, chumvi yote hiyo yako.

Barabara ya sita upepo wa bahari ukaingia kati ya nyumba ukaishika bendera. Mwanzi ukainama, nami nikainama nao, mguu wa kulia ukaenda mbele peke yake, na nilijua kabisa kinachofuata, uso wangu ulikuwa umeshaanza kujiandaa. Vidole havikukwaa. Vilikuwa juu, vikatua bapa, nikasimama juu ya mguu huo. Mwanzi ukarudi wima. Nyuma matwari hayakukosa hata pigo moja.

Baada ya hapo mwalimu alitembea karibu nami. Muundi ulikuwa unawaka moto pale ngozi inapobana, na nadhani nilikuwa nikichechemea zaidi, si kwa kukwaa ila kwa kuumia. Uwanja ulikuwa tayari unaonekana, na umati, na jukwaa la wageni limepambwa.

"Mwanangu," akasema taratibu, "umeshaonyesha. Watu wote wameona. Mpe mwenzio afikishe."

Mtoto wa muuza halua alikuwa ameshanyoosha mikono.

"Maalim, aliyehitimu mwaka jana mlimwambia ampe mwenziwe?"

"Yeye hakuwa anaumia."

"Basi naumia nikiwa nayo."

Maalim akaushika mwanzi. Hakuuvuta, aliushika tu, juu ya mkono wangu, kama mtu anayeshika bega la mtoto wakati wa kuvuka barabara. Nikamwambia, bila kumtazama, "Kama Maalim anataka kushika, ashike chini ya mkono wangu. Juu nimeshika mimi."

Akauteremsha mkono wake, tukaenda hivyo hatua kumi, pengine kumi na tano. Kisha nikasikia mwanzi umekuwa mzito tena, uzito wote, na Maalim ameniachia, amerudi nyuma kwenye mstari wake.